Kiongozi, Unamsubiri Nani? Maswali Yenu na Majibu

Mwezi huu meseji zenu zimekuja nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: kiongozi anajiona hana la kufanya, anasubiri halmashauri, anasubiri bosi wa juu, anasubiri watu wake wabadilike wenyewe. Nimechagua nne, nimezifupisha kidogo, majina sikuyataja, kama mlivyoomba.

"Tunasubiri mkopo, kikundi kinakufa"

*Shikamoo dada. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi cha vijana huku Mbeya, tunafyatua tofali. Tulijisajili tukitegemea mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, mara mikopo ikasimamishwa, iliporudi tukaomba tukaambiwa tusubiri, mpaka leo. Kwenye vikao watu hawaji, wakija ni lawama tu, diwani kafanya hivi, afisa maendeleo kafanya vile. Mi mwenyewe nimechoka, naona ni mwenyekiti wa jina tu. Niwaambie maneno gani ili wapate moyo?*
Mwenyekiti, Mbeya

Marahaba mdogo wangu. Nianze na haki yako kwanza maana ipo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo kisheria, nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya watu wenye ulemavu, haina riba, na ni kweli mwaka 2023 serikali iliisimamisha, ikaja kuirudisha 2024. Hapo wewe hukukosea kitu, na mtu asikwambie eti mkopo ulisimama kwa sababu nyie vijana ni wavivu.

Ila barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kuna kitu sijakiona. Tofali. Umeniambia diwani, umeniambia afisa, umeniambia vikao, hujaniambia mwezi uliopita mmefyatua tofali ngapi. Udongo umeisha? Kalibu zimevunjika? Pumba za mpunga za kuchomea hazipatikani huko kwenu? Nadhani vyote vipo, kilichoondoka ni ile hali ya mtu kuamini kwamba nikifanya kitu kitaleta tofauti, na hiyo ikishaondoka kwa kiongozi inaondoka kwa kikundi kizima, tena haraka sana.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Julian Rotter, mwaka 1966 alitoa kipimo cha maswali 29 kinachoangalia jambo hili hili, mtu anaona yanayompata yanatokana na yeye mwenyewe au yanatoka nje, kwa bahati, kwa wakubwa, kwa majaliwa. Sio kwamba binadamu wamegawanyika makundi mawili kabisa, wengi tupo katikati, leo huku kesho kule, lakini tunaegemea upande. Nyie mmeegemea nje mpaka mmelala huko.

Mwaka mmoja tu baada ya hapo, 1967, wanasaikolojia wengine wawili wa huko huko, Martin Seligman na Steven Maier, walifanya majaribio na mbwa, ya kikatili kidogo ukiniuliza mimi, lakini yamefundisha watu mengi. Mbwa waliopigwa shoti za umeme ambazo hawakuweza kuzizuia kwa namna yoyote, baadaye wakawekwa mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa, wengi wao hawakuruka, walilala wakavumilia. Na walipotafuta namna ya kuwaponya, kuwaita upande wa pili au kuwawekea chakula kule hakukutosha, ilibidi wafungwe kamba wavutwe wavushwe kwa miguu yao mara kadhaa, mpaka mwili wenyewe uelewe kwamba huku kuna njia. Baada ya hapo wakaanza kuvuka wenyewe. Miaka mingi watafiti wakasema mnyama *amejifunza* kukata tamaa, halafu mwaka 2016 hao hao wawili wakaandika kwamba walikuwa wameigeuza, kwamba kulala chini ndo hali inayokuja yenyewe shida ikizidi muda mrefu, kinachojifunzwa ni kule kujua kwamba ninaweza kubadilisha kitu.

Sasa unaona kwa nini swali lako la "niwaambie maneno gani" mi silijibu. Maneno hayatoshi mdogo wangu. Usiitishe kikao cha kutiana moyo, vijana wako wamesikia hotuba za kutosha tangu shule. Ita watu wanne tu wale ambao bado wakipigiwa simu wanapokea, mfyatue tofali za kutosha kujaza tanuru dogo, uzeni, hata kama faida ni ya sahani ya wali kwa kila mmoja, hela igawanywe mbele ya kila mtu aione, na nyingine ibaki kwenye mfuko. Kikao kijacho ajenda ya kwanza iwe hesabu ya hilo tanuru. Lawama za diwani ziwe ajenda ya mwisho kabisa na ziwe na muda, dakika kumi, zikiisha mnafunga.

Na huo mkopo sijasema muachane nao, ni haki yenu. Lakini kusubiri kwenyewe kuna kazi ndani yake ambayo naona hamjaifanya. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, usiende kulalamika, nenda umuulize ombi letu limekwama kwenye hatua gani na kasoro ni ipi, na uombe jibu la maandishi. Katiba yenu ipo sawa? Akaunti ya benki ipo hai au imelala? Andiko la mradi mliandika wenyewe au mlilipa mtu wa stesheneri akawakopia la kikundi cha kufuga kuku? Nauliza kwa sababu haya nayaona sana. Kikundi kinachokwenda na daftari la mauzo ya miezi sita kinaongea lugha tofauti kabisa na kikundi kinachokwenda na malalamiko ya miaka miwili.

Nikukumbushe na hili, majirani zetu Kenya. Wangari Maathai alipoanza kupanda miti na kina mama mwaka 1977, wataalamu wa misitu walikuja kuwafundisha kina mama kuotesha miche, somo likawa gumu kweli kweli kama vile kuotesha mbegu kunataka diploma. Kina mama wakaacha yale ya kitaalamu wakatumia akili ya shambani waliyokuwa nayo siku zote, mbegu wakaokota wenyewe, vyungu vilivyovunjika vikawa vitalu. Ndo wakaitwa maafisa misitu wasio na diploma, na miti waliyopanda imefika mamilioni. Walianza na kilichokuwepo.

"Staff wangu hawajiongezi"

*Habari za kazi dada. Mimi ni muuguzi, ni mfawidhi wa zahanati ya kijiji mkoani Singida, tupo watumishi wachache sana. Wenzangu kila kitu wananisubiri mimi, hata friji ya chanjo ikisumbua wananipigia nikiwa kwenye mafunzo wilayani. Nimewaambia mara nyingi wajiongeze, hawajiongezi. Ni watu wa namna gani hawa?*
Mfawidhi, Singida

Nzuri dada yangu, na pole, zahanati ya kijijini yenye watumishi wachache naijua ilivyo, unapima, unazalisha, unaandika ripoti, unapokea wageni wa wilaya, yote siku moja.

Ni watu wa kawaida tu hao. Ila niruhusu nikuulize, mara ya mwisho mmoja wao alipojiongeza bila kukuuliza, ulimwambia nini? Jibu hilo kwa moyo wako usiniandikie. Kwa sababu nimeona sehemu nyingi sana kiongozi anasema jiongezeni, mtu akijiongeza akakosea kidogo anasemwa mbele ya wagonjwa, basi hapo watu wote wameshajifunza somo, bora kuuliza.

Kuna utafiti mmoja naupenda mno, wa Ellen Langer na Judith Rodin, ulitoka mwaka 1976, walifanya kwenye nyumba ya wazee huko Connecticut Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba mambo mengi humu ndani ni uamuzi wenu, vyumba vyenu mpange mnavyotaka, na kila mmoja akapewa mmea, achague anaoutaka, aumwagilie mwenyewe. Ghorofa nyingine waliambiwa kwa upole kabisa kwamba sisi tupo kuwahudumia, nao wakapewa mimea, lakini manesi ndo watamwagilia. Huduma nzuri pande zote mbili, hakuna aliyenyimwa kitu. Baada ya wiki tatu wale waliokuwa na uamuzi walikuwa wachangamfu zaidi na wanajishughulisha zaidi, hata manesi ambao hawakujua kinachopimwa waliiona tofauti. Mimi hapa nakaa nafikiri kuhusu ghorofa ile ya pili, kwamba wale manesi walikuwa wema, na wema wao ndo ulikuwa unawachukulia wazee kazi ya mikono yao.

Turudi kwenye friji yako. Chanjo zinatakiwa zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, na fomu ya joto inajazwa asubuhi na jioni kila siku, hata sikukuu. Sasa kwenye zahanati nyingi anayejaza ni mtu mmoja na anayeamua ni mwingine, yaani yule anayejaza anaona joto limefika 10, anaandika 10 kwa mwandiko mzuri, anafunga daftari, anasubiri mfawidhi arudi. Kwa macho yake kazi ameifanya, kuandika ndo kulikuwa kazi yake.

Kwa hiyo usimkabidhi fomu, mkabidhi friji. Mwambie mbele ya wenzake kwamba kuanzia leo friji ni yako, joto likipanda una ruhusa ya kuhamishia chanjo kwenye kibebeo chenye barafu, una ruhusa ya kumpigia mratibu wa chanjo wa wilaya moja kwa moja, namba yake hii hapa ukutani, mimi utanijulisha baadaye. Halafu mfundishe vizuri, sio maelezo ya mlangoni, kaeni pamoja muhamishe chanjo kwa mazoezi mara moja yeye akishika wewe ukiangalia tu. Na siku akikupigia kwa mazoea kukuuliza nifanyeje, mrudishie swali, wewe unaonaje? Nyamaza umsikilize. Hapo ndo pagumu kwako kuliko kwake, maana jibu unalo mdomoni.

Mwingine mpe leja ya dawa na maombi ya dawa ya MSD, yaani Bohari ya Dawa, mwingine usafi na kichomea taka. Usigawe vyote wiki moja. Na ukigawa usichukue tena nyuma ya mgongo wake, ukienda usiku kukagua friji na kurekebisha mwenyewe asubuhi atajua tu, na atakuachia.

Kuna upande mwingine hujauliza ila nausikia kwenye meseji yako, kwamba na wewe unasubiri wilaya kwa kila kitu. Zahanati siku hizi hela zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mna kamati ya usimamizi ya kituo yenye wananchi ndani yake. Hiyo kamati inakaa? Kama haijakaa muda mrefu, iite. Matumizi mengi madogo unayoyapeleka wilayani kuomba ushauri ni ya kamati kupanga na kupitisha kwenye mpango wenu, wewe ukiwa katibu.

"Kusema mambo yapo mikononi mwangu si kufuru?"

*Binti yangu, mimi ni mtu mzima, mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo na uvuvi, mkoa wa Tanga. Tulipelekwa semina ya uongozi kijana mmoja akatufundisha kwamba kila kitu kwenye maisha yako kipo mikononi mwako. Sisi watu wa bahari tumesikia vibaya. Bahari ina mwenyewe. Wazee wamesema juhudi haiondoi kudura. Wewe wasemaje?*
Mzee, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Nipo na wewe kwenye nusu ya kwanza, yule kijana alizidisha. Kila kitu hakipo mikononi mwetu, na mtu anayemwambia mvuvi hivyo hajawahi kulala macho akisubiri ngalawa irudi.

Lakini mzee, hao hao wazee waliosema juhudi haiondoi kudura ndo waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawakuona kwamba wanajipinga. Na kwenye dini unajua kuliko mimi, Mtume aliulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, nimfunge au nimwache nitegemee Mungu, akaambiwa mfunge kisha tegemea. Na Qurani sura ya 13 aya ya 11 inasema Mwenyezi Mungu habadili yaliyoko kwa watu mpaka wao wabadili yaliyomo nafsini mwao. Mimi sioni kufuru hapo, naona amana. Umepewa mikono utaulizwa ulivyoitumia.

Kwa hiyo tuseme hivi kwa lugha ya kazi yenu. Upepo wa kusi si wako. Bei ya mafuta ya mashine si yako. Samaki kupungua, sehemu ni ya hali ya bahari na sehemu ni ya watu, na hapo watu nawataja kwa nguvu, mabomu yaliyopigwa kwenye matumbawe ya Tanga miaka na miaka hayakuwa kudura, ni mikono ya watu, na yalipungua kwa mikono ya watu vilevile, doria, mashtaka, na wavuvi wenyewe kukataa kununuliana samaki wa bomu.

Upande wako wewe kama mwenyekiti ni upi? Utabiri wa hali ya bahari wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, unatoka kila siku. Nani kwenye BMU yenu anausoma alfajiri na kuwafikishia manahodha? Kama jibu ni "kila mtu atajua mwenyewe" basi hakuna anayejua. Chagueni mtu, kijana mwenye simu nzuri, akisikia onyo la upepo mkali na mawimbi anapandisha kitambaa chekundu hapo pwani, na mkubaliane kwenye kikao kwamba kitambaa kikiwa juu hakuna anayetoka, hata mwenye chombo akitaka. Maboya ya kujiokolea yahesabiwe chombo kwa chombo, sio kwenye karatasi. Hayo yote mkishafanya ndo msome dua mtoke, na litakalotokea baharini baada ya hapo hakuna mtu atakulaumu nalo, na usikubali kulaumiwa.

Nikuombe na kitu kimoja mzee wangu. Vijana wako wakija na wazo halafu wewe ukasema "Mungu akipenda", waangalie usoni. Wakati mwingine neno hilo kwa mkubwa lina maana ya ndiyo tutafanya, na wakati mwingine lina maana ya nimeshakataa nendeni zenu, na vijana wanajua tofauti. Kama unakubali, sema Mungu akipenda Jumamosi saa mbili asubuhi tunaanza, fulani alete kamba.

"Kila kitu nachukulia kosa langu"

*Salaam aleikum dadangu. Mimi ni mwenyekiti wa chama cha akina mama Mombasa. Wanachama wawili walikopa wakakosa kurudisha, nikalipa kwa pesa zangu ili chama kisivunjike, sababu mimi ndiye kiongozi. Sasa ameongezeka wa tatu. Usiku silali. Nimesoma kwamba kiongozi mzuri hubeba lawama zote. Je nimlipie na huyu?*
Mama chama, Mombasa

Wa aleikum salaam dadangu. La, usimlipie. Na pole sana, najua umefanya kwa mapenzi.

Huyo Rotter niliyemtaja juu, mwaka 1975 aliandika tena, akilalamika kwamba watu wamekichukua kipimo chake vibaya, wamefanya kana kwamba kuegemea ndani ni wema na kuegemea nje ni ubaya. Hakuwa amesema hivyo. Mtu anayeona kila kitu kinatoka kwake naye haoni sawasawa, sawa tu na yule wa Mbeya anayeona hakuna kitu kinachotoka kwake. Tofauti ni kwamba wewe watu wanakusifu, ndiyo maana ni vigumu kuacha.

Deni ni la aliyekopa, na baada yake ni la wadhamini wake, na baada yao ni la chama kizima kilichopitisha mkopo kwenye kikao. Wewe ulikuwa na sehemu, ndiyo. Je, mkopo ulizidi akiba yake kwa kiasi mlichokubaliana? Wadhamini waliweka sahihi au waliitikia tu kwa kichwa? Mlimkumbusha kabla ya tarehe kufika? Hapo ndipo pako, parekebishe. Lakini yeye kula pesa au mumewe kuugua au biashara yake kuanguka, hayo hayakutoka kwako. Na ulipolipa kimya kimya uliwafundisha wanachama kwamba deni la chama lina mtu wa kulibeba, ndiyo huyo wa tatu amekuja. Sisemi kukuumiza, nasema kwa sababu hapo ndipo unaweza kusimamisha.

Itisha kikao kabla mwezi haujaisha. Mweka hazina asome mikopo yote kwa sauti, jina, kiasi, tarehe, bila maneno ya kuaibisha mtu. Huyo wa tatu aulizwe anaweza kulipa kiasi gani kwa wiki, hata kama ni kidogo, atume kwenye simu ya chama, wadhamini wake wakiwa hapo hapo wamesikia. Mikopo mipya isimame mpaka hayo yakae sawa, na hilo liamuliwe na kikao, lisitamkwe na wewe peke yako. Na zile pesa zako ulizowalipia wale wawili, dadangu, ziandikwe daftarini siku hiyo hiyo: chama kinawadai wao kiasi gani, na wewe unakidai chama kiasi gani.